Mama Rimoti na Kiti cha Nne

Jina lake la kwenye kitambulisho lilikuwa refu na zuri, lakini katika wodi ya figo hakuna aliyelitumia. Aliitwa Mama Rimoti. Madaktari walimwita hivyo, masista walimwita hivyo, na hata barua moja ya ofisi ya utumishi, iliyoandikwa na mtu asiyejua utani, ilifika ikisema "Kwa Mama Rimoti, Mhudumu, Wodi ya Figo." Barua hiyo aliitunza. Kazi yake ya kwenye karatasi ilikuwa kufuta viti kwa dawa, kubadilisha mashuka, kuwasindikiza wagonjwa kwenye mizani na kuwafunika mablanketi, maana mtu ambaye damu yake inazungushwa nje ya mwili husikia baridi hata jua likiwaka. Kazi yake hasa haikuandikwa popote. Alikuwa akiwachagulia watu sita filamu ya kuangalia.

Anayeona hilo ni jambo dogo hajawahi kukaa saa nne kwenye kiti, sindano mbili mkononi, mashine ikinguruma pembeni, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mwaka nenda mwaka rudi. Televisheni ilikuwa moja, imetundikwa ukutani mbele ya viti sita, na kabla ya Mama Rimoti haikuwa na mwenyewe. Aliyewahi ndiye aliyechagua. Asubuhi zilikuwa habari za vita, kisha tamthilia ambamo wanawake walipigana makofi hadi adhuhuri. Siku moja habari zilionyesha nyumba inaungua na watu wamo ndani, na yule mama fundi cherehani wa kiti cha kwanza akaanza kulia kimyakimya, presha ikapanda, sista akaja mbio na viatu mkononi. Mama Rimoti alikuwa na miezi miwili tu kazini. Alichukua rimoti, akaitia kwenye mfuko wa aproni, na tangu siku hiyo haikutoka humo ila kwa mkono wake.

"Nani amekupa mamlaka hayo?" Sista Mkuu alimuuliza.

"Hakuna. Ndiyo maana nimejichukulia."

Hiyo ilikuwa miaka kumi na moja iliyopita, na Sista Mkuu hakuuliza tena.

Filamu alizitoa kwa mdogo wake wa mwisho, fundi wa televisheni, aliyekuwa akimjazia flashi. Kwanza alimletea vichekesho. Wagonjwa walicheka, mikono ikatikisika, sindano zikasogea, mashine zote sita zikalia kwa pamoja kama harusi iliyoingiliwa na nyuki. Vichekesho vikapigwa marufuku. Akaleta za mapenzi, dereva mstaafu wa lori wa kiti cha tatu akakoroma toka mwanzo hadi mwisho. Kisha, kwa bahati tu, kwenye flashi ikawamo filamu ya kweli, ya mzee mmoja anayepanda mnara kila wiki kutia ufunguo saa kubwa ya mji. Miaka arobaini, ngazi mia moja na sitini, ufunguo uleule. Hakuna aliyeimba humo, hakuna aliyekufa. Ilikwenda saa nzima na nusu na wodi haikukohoa.

"Huyu akiugua," dereva wa lori alisema mwishoni, "nani atapanda zile ngazi?"

Wakabishana mpaka saa yao ya kutolewa ikafika. Mama Rimoti alisimama na shuka mkononi akiwatazama, na hapo akaelewa. Hawa watu wenyewe maisha yao yalikuwa yametundikwa kwenye jambo moja linalorudiwa kila wiki bila kukosa. Walikuwa wamemwona mwenzao.

Basi akawa mtu wa filamu za hali halisi, au kama alivyoziita yeye, filamu za kweli. Na tusidanganyane, si kazi nyepesi. Waliosema chema chajiuza hawajawahi kujaribu kuwashawishi watu sita wenye sindano waangalie saa nzima ya mafundi wanaopaka rangi mnara wa taa. Chema hakijiuzi. Chema kinakaa kona ya duka kimejaa vumbi, na kibaya ndicho kinachopiga tarumbeta mlangoni. Mama Rimoti alijua kupendekeza. Hakuwahi kusema filamu ni "nzuri sana", maana neno hilo alisema ni la wavivu. Alisema ni ya nani. "Hii ni ya mtu aliyewahi kuachiwa wadogo zake awalee." "Hii ni ya mtu anayedhani kazi yake haionekani." Mtu akisikia vile, hata kama si yeye, anataka aone.

Alikuwa na masharti yake. Hapendekezi filamu ambayo hajaiona yeye mwenyewe mpaka yale majina ya mwisho yanayopanda juu. Alikuwa akiziangalia nyumbani, Jumamosi na Jumapili alasiri, huku anapiga pasi sare zake. Na sharti la pili, mgonjwa wa kwanza akitolewa sindano, televisheni inazimwa, popote filamu ilipofika. Hakuna wa kumalizia kiporo wakati mwenzake anapelekwa kwenye mizani. Kitakachobaki kitaonwa siku ijayo. Wagonjwa walinung'unika sana kuhusu sharti hilo, na hawakukosa kurudi kuona kilichobaki.

Sharti la tatu lilizaliwa na kosa, na kosa lenyewe lingeweza kutokea wodi ile tu. Mgonjwa wa figo hapewi maji atakavyo. Anapimiwa nusu lita, labda na ushee, kwa siku nzima, kwa sababu mwili wake hauna pa kuyatolea. Sasa Mama Rimoti, miaka mitatu nyuma, alileta filamu ya mto mkubwa, toka kwenye chemchemi hadi baharini. Picha safi, sauti safi. Maji yalibubujika, yakaporomoka, yakapiga mawe. Baada ya dakika kumi aligeuka kuona kama wamefurahi. Mama fundi cherehani alikuwa amefumba macho kwa nguvu. Dereva alikuwa analamba midomo. Yule binti mwanafunzi wa chuo wa kiti cha sita akasema kwa adabu, "Mama, samahani, naomba uzime."

Alizima. Akaingia stoo ya mashuka, akajipiga kofi la paji la uso, akakaa juu ya furushi la mablanketi mpaka aibu ilipopungua. Tangu hapo kila filamu aliiangalia akiwa na kalamu. Maji yakionekana, anapiga alama. Alama zikizidi tatu, filamu haifai. Filamu ngapi nzuri zilikufa kwa kipimo hicho, za mabwawa, za mvua, za wafua nguo, hata moja tamu ya mwanamke fundi bomba aliyoililia mwenyewe. Haikumhusu kitu. Wenye vyeti vya filamu wana vipimo vyao, na yeye alikuwa na chake.

Sifa zikatoka wodini zikatembea. Masista wakaja kuomba ya kuangalia na watoto. Daktari mmoja, ambaye kila mtu alijua kuwa nyumbani yeye na mkewe hawasalimiani, alikuja akijifanya anatafuta kalamu.

"Mama, na mimi nipendekezee."

Alimpa ile ya dada wawili wanaochonga miguu bandia kwenye meza moja, na hawajasemeshana kwa miaka tisa. Daktari aliichukua. Wiki iliyofuata alikuja na mkewe kumsalimia Mama Rimoti, wameshikana mikono. Usiku wa siku hiyo, Mama Rimoti alimwambia mdogo wake kwenye simu, na alilisema bila kuona haya, "Mimi wa darasa la saba, mdogo wangu, leo nimempa daktari dawa na amepona."

Kiti kimoja tu kilikuwa kimemshinda. Cha nne, cha dirishani.

Aliyekaa pale alikuwa mpima ardhi mstaafu, mzee mrefu, mkimya, shati limenyooka, kalamu mfukoni ingawa hakuwa na cha kuandika. Miaka thelathini na minane alikuwa amepima viwanja, barabara, mipaka ya watu waliogombana. Wodini alikuwa na miezi minane, na kwa miezi yote hiyo alitazama dirishani. Saa ya mnara haikumgeuza shingo. Dada wa miguu bandia hawakumgeuza. Akipendekezewa, alisema "Ahsante, mama," kwa heshima kamili, akarudi kwenye dirisha lake, ambalo nje yake kulikuwa na ukuta na tangi la maji taka. Hilo lilimkera Mama Rimoti kuliko alivyokubali.

Kisha Jumatatu moja, alipokuwa anamfunika blanketi, mzee alisema kwa sauti ileile ambayo mtu husema sogeza mto kidogo, "Mama, wiki hii ndiyo ya mwisho. Ijumaa nikitoka hapa, sirudi."

Mkono wa Mama Rimoti ulisimama juu ya blanketi. Katika wodi ile hakuna anayehitaji kufafanuliwa. Anayeacha mashine huishi wiki moja, mbili akijaliwa.

"Umemwambia daktari, mzee wangu?"

"Nimemwambia. Amezungumza vizuri. Amesema ni haki yangu."

"Na unaumwa wapi?"

"Siumwi. Nimechoka." Alifikiri kidogo, kama anayetafuta kipimo sahihi. "Maisha yangu yote watu walikuja kuniuliza. Mpaka uko wapi, nyumba ijengwe wapi, nani ana haki. Sasa wananiuliza kitu kimoja tu. Nimelalaje."

Mama Rimoti alimkunjia blanketi miguuni akaondoka.

Siku hiyohiyo binti wa mzee, mtoto wake wa pekee, mwanamke wa makamo aliyekuwa akimleta na kumchukua bila kukosa, alimfuata kwenye korido. Macho yake yalikuwa mekundu, mkoba ameukumbatia.

"Mama, nimesema yote. Nimelia, nimenyamaza, nimegomba. Hasikii. Wanasema wewe unajua kuchagua."

"Mwanangu, mimi nachagua filamu."

"Basi chagua, mama. Mimi sina kingine."

Na hapo Mama Rimoti, mwenye masharti yake, aliogopa, na mwoga hukimbilia kilicho karibu. Jumatano aliweka filamu ya kijana aliyekatika mguu akapanda mlima kwa mguu mmoja, na muziki nyuma wa kuinua roho. Alijua ni ya kubembeleza. Aliiweka hivyohivyo, akaenda kusimama karibu na kiti cha nne. Mzee aliangalia. Mara ya kwanza katika miezi minane aliangalia televisheni dakika kumi nzima, na Mama Rimoti akaanza kufurahi ndani kwa ndani.

"Mama," mzee alisema.

"Naam, mzee wangu."

"Huyu kijana Mungu ambariki. Lakini usinihubirie kwa mguu wa mtu mwingine."

Akageukia dirisha. Mama fundi cherehani alikohoa kikohozi cha kumwonea mtu huruma, ambacho ni kibaya kuliko kicheko. Mama Rimoti alihisi masikio yanawaka. Alikuwa amestahili. Miaka kumi na moja alikuwa akiwaambia masista kwamba filamu haichaguliwi ugonjwa, inachaguliwa mtu, na siku ilipohitajika kweli alikuwa amechagulia ugonjwa kama mgeni yeyote anayeleta kadi yenye picha ya maua.

Alasiri ile mdogo wake alimkuta nyumbani anapiga pasi sare iliyokwisha kunyooka. Hakuwa anaangalia kitu.

"Dada, unaichoma hiyo nguo."

"Ile filamu ya daraja unayo bado?"

"Ya daraja ipi? Ile uliyosema haifai? Si ulihesabu alama arobaini na moja za maji?"

"Nilisema haifai wodini. Sikusema ni mbaya."

Ilikuwa filamu ya daraja lililojengwa toka kingo mbili za mto, mikono miwili ikinyooshwa kukutana katikati, na siku ya kukutana ikaonekana imepishana kwa shubiri moja. Kwa nini imepishana, ndiyo filamu yenyewe. Mama Rimoti alikuwa ameiona mara moja, miaka miwili nyuma, akaipenda, akaitupa. Jioni ile aliiona tena mpaka majina ya mwisho. Kisha akaiona mara ya tatu, sasa akiwa na macho ya mtu aliyepima ardhi miaka thelathini na minane, na alipofika dakika ya arobaini alizima pasi.

Ijumaa aliwahi kazini. Wagonjwa wa kiti cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha tano na cha sita aliwakamata mmoja mmoja kwenye mizani, kabla mzee hajafika. Hakuficha kitu. Aliwaambia filamu ya leo ina mto, na mto wenyewe haupiti haraka, umo toka mwanzo hadi mwisho. Aliwaambia ni ya kiti cha nne. Mmoja tu akikataa, alisema, haitawekwa, na hatamuuliza sababu.

Dereva wa lori alishuka kwenye mizani akavaa kandambili zake. "Kiu ni yangu. Hata ukiweka jangwa, ninayo. Weka."

Mwanafunzi alikubali kwa kichwa. Mwalimu wa kiti cha pili alikubali, na muuza viatu wa kiti cha tano akasema yeye atakuwa anaangalia viatu vya mafundi. Mama fundi cherehani ndiye aliyechelewa kujibu. Siku ya ile filamu ya mto yeye ndiye aliyeteseka kuliko wote.

"Tutaangalia daraja," alisema hatimaye. "Mto utapita wenyewe."

Mama Rimoti alimpa blanketi mbili.

Zilipobaki saa mbili za kutolewa, filamu ilianza. Maji yalitokea, mapana, ya kijani, yanang'aa, na wodi nzima ikameza mate. Sista Mkuu, ambaye hakuwa ameambiwa lolote lakini si kipofu, alipita na bakuli, akamwekea kila mmoja kipande cha barafu kidogo kama kifungo cha shati. Mzee wa kiti cha nne alikuwa dirishani kwake.

Kisha sauti ya msimulizi ikasema kwamba wapimaji walianza kazi ukingo wa magharibi. Shingo ya mzee ikageuka.

Haikurudi. Aliangalia mafundi, aliangalia nguzo, aliangalia picha za zamani za vijana waliochuchumaa na tepu ya chuma. Siku ya kukutana ikafika, shubiri ikaonekana, na msimulizi akaeleza kwa uhakika mkubwa kwamba kampuni ilichunguza ikakuta ukingo wa magharibi ulikuwa umetitia.

"Uongo," alisema mzee.

Hakulisema kwa nguvu, lakini vichwa vitano viligeuka.

"Rudisha nyuma, mama."

Katika miaka kumi na moja rimoti ile haikuwahi kurudisha filamu nyuma. Ilirudisha.

"Hapo. Simamisha. Angalieni miguu ya hao vijana wa magharibi. Kivuli kiko wapi?"

Mwanafunzi alikaza macho. "Kiko chini yao."

"Basi ni mchana wa jua kali. Peleka mbele. Hapo, mashariki. Vivuli?"

"Virefu," dereva alisema polepole. "Asubuhi hiyo."

"Tepu ni ya chuma. Chuma kikipata joto kinarefuka. Kila mita mia unapoteza sentimita mbili na ushee. Ukifika kilomita umepoteza shubiri, na ardhi haijasogea hata unywele." Mkono wake wa kulia, ulio huru, ulikuwa unatafuta kalamu mfukoni. "Nipe karatasi."

Mkono wa kushoto ulikuwa na sindano, kwa hiyo Mama Rimoti alimshikia karatasi. Aliandika tarakimu kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Muuza viatu alibisha kwamba kampuni kubwa haiwezi kukosea jambo la kitoto. Mwalimu akamtetea mzee. Dereva akaeleza jinsi matairi ya lori yanavyovimba safari ya mchana, kisha akadai hiyo ndiyo aliyokuwa akiisema siku zote. Mama fundi cherehani akauliza kama futi yake ya kitambaa nayo hurefuka, na mzee akamjibu kwa kirefu, kwa makini, kama aliyeulizwa na waziri. Mto ulikuwa unatiririka nyuma ya yote hayo na hakuna aliyeutazama.

Mama Rimoti alikuwa anajua. Alikuwa ameiona filamu mpaka mwisho mara tatu, na alijua mzee amepatia, amepatia kila kitu, kwa kuangalia vivuli tu. Jambo ambalo filamu ililipitia saa moja na nusu, yeye alilimaliza kwa dakika arobaini. Mwenye macho haambiwi tazama. Alijivunia mzee kama amemzaa yeye, akauma ulimi.

Mashine ya mama fundi cherehani ikalia kuashiria saa zake zimetimia. Filamu ilikuwa imebakiza dakika ishirini na tano. Mama Rimoti akazima.

"Washa," mzee alisema.

"Sharti ni lilelile, mzee wangu. Jumatatu."

Mzee alimtazama. Hakuwa mtu wa kufanywa mjinga.

"Unanitega."

"Ndiyo. Nakutega." Akairudisha rimoti mfukoni. "Haki ni yako, na sitakuvutia shati. Lakini sina mwingine wa kumuuliza kama kampuni imesema kweli."

Mzee alitolewa sindano, akapimwa uzito, akavaa koti, akatoka na binti yake bila kuaga. Karatasi yenye tarakimu aliondoka nayo.

Jumamosi na Jumapili Mama Rimoti hakuangalia filamu yoyote.

Jumatatu saa moja asubuhi viti vitano vilikuwa na watu. Saa moja na nusu mashine tano zilikuwa zinazunguka. Sista Mkuu alikuja na faili, akasimama karibu naye.

"Kuna mgonjwa mpya anasubiri nafasi, Mama. Saa mbili kamili nitampa kile kiti. Siwezi kufanya vingine."

"Najua."

Alikifuta kiti cha nne kwa dawa. Kilikuwa safi, akakifuta tena. Mama fundi cherehani alimwita, akamshika kidole. Televisheni ilikuwa imezimwa na hakuna aliyeomba iwashwe. Mama Rimoti alijiambia kwamba mtu akichagua kupumzika si kosa la filamu, na hakujiamini hata kidogo.

Saa mbili kasoro dakika tano mlango ulisukumwa. Mzee aliingia amekunja uso, vumbi begani, kitabu cheusi kikuukuu kwapani. Binti yake alikuwa nyuma akihema, na kibanio cha nywele kimemning'inia upande.

"Kilikuwa juu ya kabati," mzee alisema, kama anayejibu mashitaka. "Chini ya masanduku mawili. Toka Jumamosi tunakitafuta. Haya ni majedwali ya joto na chuma. Ijumaa niliandika mbili na ushee. Ni mbili na nukta tatu. Sikutaka kuwaachia hesabu ya na ushee."

Binti yake alimwangalia Mama Rimoti juu ya bega la baba yake, akaweka mkono mdomoni.

Walimpima, wakamchoma sindano. Alipitisha kitabu kiti hadi kiti, mwanafunzi akakagua hesabu kwa simu akathibitisha. Muuza viatu alisema atakubali akisikia kwenye filamu yenyewe. Mama Rimoti alitoa rimoti mfukoni, na dakika ishirini na tano zilizobaki zikaanza.

Mzee mmoja alitokea kwenye filamu, kikongwe, amekaa kwenye kiti cha plastiki uani kwake. Alikuwa mshika tepu wa zamani. Alisema magharibi walipima saa saba mchana kwa sababu lori lilichelewa, mashariki wakapima asubuhi na mapema, na hakuna aliyerekebisha joto. Alisema ukingo haukutitia hata siku moja. Aliwaambia wakubwa, wakamjibu yeye kazi yake ni kushika tepu. "Nimengoja miaka hamsini," alisema, "aje mtu anayejua kuangalia."

Mzee wa kiti cha nne aliteremsha kalamu yake.

Mwenye sindano hawezi kupiga makofi, mkono mmoja umefungwa. Dereva wa lori ndiye aliyeanza. Aliupiga mkono wa kiti kwa kiganja chake kilicho huru, mara moja, mara ya pili. Mwalimu akafuata, mwanafunzi, mama fundi cherehani na pete yake inagonga, na mwisho muuza viatu, kwa shingo upande kisha kwa moyo wote. Viganja vitano, viti vitano. Sista Mkuu alitoka ofisini akidhani mashine imeharibika. Akasimama palepale mlangoni na faili lake.

Mama Rimoti alikuwa analia na wala hakujificha stoo. Alikuwa na fahari, hakuna neno lingine. Fahari ya wodi yake, ya watu wake watano waliokaa mbele ya mto mzima kwa ajili ya mwenzao, na fahari ya nafsi yake pia, kwa nini isiwe.

Mzee alipangusa kitabu chake vumbi kwa mkono wa shati.

"Jumatano unitafutie ya reli," alisema. "Reli nayo ina mambo yake ya joto, watu hawajui. Na usiikate katikati."

"Nitaikata," alisema Mama Rimoti. "Nitaikata hapohapo penye utamu."

"Basi nitakuja kugombana na wewe."

"Saa moja kamili, mzee wangu," alisema. "Usichelewe tena."